Kutoka Topeni Hadi Sahanini: Mwongozo Kamili wa Kupima Metali Nzito Kwenye Mashapo ya Pwani

Maji yakikupwa kwenye hori la Mtoni, Dar es Salaam, tope hubaki wazi kati ya mikoko, jeusi, lenye harufu ya yai viza. Mito ya Kizinga na Mzinga humwaga hapo kila ilichozoa njiani: maji ya mitaro, vumbi la barabara, mabaki ya gereji, maji machafu ya viwandani. Upande wa pili iko bandari. Katikati ya hayo yote wapo kina mama na watoto, ndoo mkononi, wakitafuta chaza na kaa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa wakipima uchafuzi wa pwani ya jiji hili tangu miaka ya 1990. Tatizo ni kwamba kazi nyingi za aina hii, hapa na kwingineko, huishia kwenye jedwali: risasi kiasi hiki, shaba kiasi hiki, kwaheri. Anayekula chaza hajui afanye nini na jedwali hilo. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mwalimu wa sayansi, au kikundi cha usimamizi wa rasilimali za pwani kinachotaka kuanza na tope na kumalizia kwenye sufuria.

Kwa nini tope, si maji

Maji ya hori hubadilika mara nne kwa siku, yakijaa na kukupwa. Ukipima asubuhi na jioni utapata majibu mawili tofauti, na yote ni ya kweli. Tope lina kumbukumbu. Metali zikiingia baharini hushikamana na chembechembe laini za udongo na mabaki ya mimea, kisha hutulia chini pamoja nazo.

Kumbukumbu hiyo hudumu kuliko mwenye kosa. Huko Minamata, Japani, kiwanda cha Chisso kiliacha kumwaga zebaki mwaka 1968, miaka 12 baada ya ugonjwa kutambuliwa rasmi. Lakini tope la ghuba lilibaki na sumu, na kazi ya kulichimba na kulifukia, lile lililozidi miligramu 25 za zebaki kwa kilo, ilianza 1977 na kumalizika 1990.

Hatua ya 1: Anza na mlaji, kabla ya kushika beleshi

Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo nitakaa zaidi.

Nenda ufukoni maji yakiwa yamekupwa, bila vifaa, na uongee na watu. Nani anaokota nini? Wapi hasa? Kinauzwa au kinaliwa nyumbani? Mara ngapi kwa wiki? Watoto hucheza wapi wakati mama zao wanachokoa? Andika majibu kwenye daftari, kwa maneno yao.

Sisi tulianza vibaya. Tulinunua chaza wakubwa kwa sababu ni rahisi kuwapima, tukajiona tumemaliza. Siku moja bibi mmoja aliyeitikia shikamoo yangu alichungulia ndoo yetu akacheka. "Mwanangu, hao wakubwa wanakwenda mjini. Wa nyumbani ni hawa," akaonyesha lundo la wadogo, wengine hawazidi kidole gumba. "Hawa ndio wa watoto." Tulikuwa tunapima chakula cha mahoteli na kukiita chakula cha kijiji. Chaza wadogo na wakubwa hawalingani kwa metali, hivyo tukarudi kuanza upya.

Ukimaliza mazungumzo utakuwa na ramani ya aina mbili: mahali uchafu unapoingia, na mahali mkono wa mtu unapoingia. Pima zinapokutana.

Masuala ya vibali yamalize mapema. Kwa utafiti rasmi Tanzania Bara utahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, Kenya ni cha tume yao, NACOSTI, na ukitaka kukata au kuchimba ndani ya msitu wa mikoko zungumza na wenye misitu. Mwenyekiti wa mtaa naye asikukute tu topeni.

Hatua ya 2: Chagua vituo

Panga vituo, yaani sehemu utakazochota tope, kwa mstari kuanzia mdomo wa mto au mtaro kuelekea bahari, ukiongeza umbali kadiri unavyokwenda. Vituo sita vilivyopimwa vizuri ni bora kuliko ishirini vya harakaharaka. Lazima uwe na kituo kimoja cha kulinganishia: hori lenye mikoko na tope la aina hiyohiyo, lisilo na jiji nyuma yake.

Neno "tope la aina hiyohiyo" lina uzito. Mchanga mweupe wa ufukoni karibu hauna metali hata kama maji yake ni machafu, kwa sababu chembe zake ni kubwa na hazina pa kuzishikia. Ukilinganisha tope la Mtoni na mchanga wa Kigamboni utaona tofauti kubwa, na utakuwa umepima ulaini wa udongo, si uchafuzi.

Hatua ya 3: Chagua siku

Nenda wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Kwenye pwani ya Dar es Salaam na Unguja, bamvua hukupwa sana karibu saa nne asubuhi, muda ambao na waokotaji wako kazini. Wakati wa maji mafu vituo vya chini havitafunuka. Fika saa moja kabla ya maji kukupwa kabisa, na anza kuondoka yanapogeuka. Maji yakirudi kwenye hori hupitia mikondo iliyo nyuma yako.

Pima mara mbili kwa mwaka ikiwezekana: mwisho wa kiangazi na baada ya masika. Mafuriko yanaweza kuleta tope jipya au kusomba la zamani.

Hatua ya 4: Vifaa

Usitumie chuma chochote. Tulipoanza, fundi mmoja alituazima beleshi zuri la bati jeupe. Majibu yaliporudi, zinki ilikuwa juu kila mahali, hadi kwenye kituo cha kulinganishia ambako hakuna hata nyumba. Bati jeupe ni chuma kilichopakwa zinki. Fedha ya maabara ya msimu mzima ilikwenda hivyo.

Beba kijiko au mwiko mgumu wa plastiki, mifuko ya plastiki yenye kufunga, glavu zisizo na unga, kasha la barafu, maji safi ya kusuuzia na penseli. Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi ngumu na kuwekwa ndani ya mfuko wa pili, kwa kuwa wino hufutika ukilowa. Vyombo vya kuhifadhia vilowekwe usiku kucha kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10, kisha visuuzwe kwa maji yaliyotoneshwa. Vua pete na bangili, na usijipake krimu ya jua: nyingi zina zinki. Vaa buti ngumu, kwani tope la mjini lina vioo, misumari na sindano.

Hatua ya 5: Kuchota

Kwenye kila kituo chora mraba wa mita moja. Chota tope la juu, sentimita 2 za kwanza, kutoka kwenye pembe nne na katikati, uchanganye kuwa sampuli moja. Fanya hivyo kwenye miraba mitatu iliyoachana hatua chache, ili ujue tofauti ya ndani ya kituo kimoja. Gramu 200 mbichi kwa kila sampuli zinatosha. Ondoa makombe, majani na mizizi. Piga picha, chukua majira ya nukta (mahali ulipo kwa GPS) kwa simu, na andika rangi, harufu na kama kuna mashimo ya kaa.

Ukitaka historia, tumia bomba la plastiki la maji lenye upana wa sentimita 5 hivi. Lishindilie wima, lizibe juu, livute, kisha likatwe vipande vya sentimita moja au mbili. Tabaka za chini ni za zamani zaidi na zinaweza kukupa kiwango cha kabla ya viwanda. Ila pale kaa walipochimba sana tabaka zimechanganyika, na historia hiyo usiiamini.

Chota na chakula siku hiyohiyo, mahali hapohapo: chaza, kombe, kaa, kwa ukubwa unaoliwa. Waache chaza kwenye maji safi ya bahari kwa siku moja ili wateme tope la tumboni, isipokuwa kama watu wanawala bila kufanya hivyo. Pima kama wanavyoliwa.

Hatua ya 6: Kutoka barafuni hadi maabara

Sampuli zikae kwenye barafu njiani, kisha zigandishwe. Tope likaushwe kwa joto la nyuzi 40 tu kama unataka kupima zebaki, maana zebaki hupotea kwa joto kali. Lisagwe kwenye kinu cha kauri na lipitishwe kwenye chekeche ya nailoni yenye matundu ya maikromita 63. Chekeche ya shaba itakupa shaba.

Kuyeyusha tope kwa asidi si kazi ya nyumbani wala ya maabara ya shule. Mpelekee mwenye vifaa: Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, maabara za vyuo vikuu, Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, na kwa Kenya, KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi. Kabla ya kulipa, uliza haya:

- Mnatumia asidi gani? Mchanganyiko wa nitriki na haidrokloriki hutoa kile kilichoshikamana na chembe. Haidrofloriki huyeyusha hata jiwe lenyewe. Majibu ya njia hizi mbili hayalinganishwi.
- Mnapima tope la rejea lenye viwango vilivyothibitishwa pamoja na langu? Wanapaswa kupata kati ya asilimia 80 na 120 ya thamani yake.
- Kiwango cha chini mnachoweza kuona ni kipi? Kadimiamu ni metali ya viwango vidogo, na mashine isiyo na uwezo itaandika "haikuonekana", ambayo si sawa na "haipo".
- Majibu ni ya uzito mkavu au mbichi?

Swali la mwisho limeharibu ripoti nyingi. Tope huandikwa kwa uzito mkavu, chakula hulinganishwa kwa uzito mbichi. Nyama ya chaza ni maji kwa takriban asilimia 80, hivyo miligramu 3 kwa kilo kavu ni kama 0.6 kwa kilo mbichi. Ukichanganya, utatangaza janga lisilokuwepo mara tano.

Hatua ya 7: Kusoma majibu ya tope

Tuseme tope limetoka na risasi miligramu 60 kwa kilo na chuma asilimia 3. Je, ni nyingi? Kwanza ondoa athari ya ulaini kwa kugawa kwa chuma, ambacho kipo kwa wingi ardhini. Kama huna tabaka la zamani la kulinganishia, watafiti hutumia wastani wa jiwe la udongo duniani: risasi 20, chuma asilimia 4.72. Gawa 60 kwa 3, upate 20. Gawa 20 kwa 4.72, upate 4.24. Sasa 20 kwa 4.24 ni 4.7. Yaani risasi iko karibu mara tano ya inayotarajiwa kiasili. Chini ya 2 kwa kawaida huhesabiwa kuwa hali ya asili. Hapa mkono wa mtu upo.

Kisha linganisha na viwango viwili vya Marekani vinavyotumika sana, ERL na ERM. Chini ya cha kwanza, madhara kwa viumbe wa topeni ni nadra. Juu ya cha pili, ni ya kawaida. Kwa miligramu kwa kilo kavu:

- Risasi: 46.7 na 218
- Kadimiamu: 1.2 na 9.6
- Shaba: 34 na 270
- Zinki: 150 na 410
- Zebaki: 0.15 na 0.71

Risasi yetu ya 60 imevuka cha kwanza, haijafika cha pili. Lakini angalia: viwango hivi ni vya minyoo na kamba, si vya watu. Nimesoma ripoti zinazosema "tope limezidi ERL, hivyo wakazi wamo hatarini". Hiyo "hivyo" haina msingi.

Kuna jambo jingine. Harufu ile ya yai viza ni dalili ya salfaidi, na salfaidi hufunga kadimiamu, shaba na risasi kwa nguvu, kiasi kwamba viumbe hawazipati kirahisi. Ukilichimba tope hilo na kulianika, kwa mfano wakati wa kupanua gati, hewa huvunja kifungo hicho na metali huachiwa. Zebaki ina tabia yake: kwenye tope hilohilo lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, aina inayopanda kutoka kiumbe hadi kiumbe mpaka kwenye samaki wakubwa.

Hatua ya 8: Hesabu ya sahani

Hapa tunarudi kwa yule bibi. Tuseme chaza wadogo wana kadimiamu miligramu 0.6 kwa kilo mbichi. Kikomo cha Umoja wa Ulaya kwa chaza ni 1.0. Sokoni wamepita.

Sasa chukua familia. Mama wa kilo 60 anakula gramu 150 mara tatu kwa wiki: gramu 450, zenye maikrogramu 270 za kadimiamu. Kwa mwezi ni kama 1,157. Gawa kwa kilo 60, upate 19 kwa kila kilo ya mwili. Kamati ya pamoja ya FAO na WHO iliweka mwaka 2010 kikomo cha maikrogramu 25 kwa kilo kwa mwezi. Mama yuko chini.

Mtoto wake wa kilo 15 anakula gramu 60 kila anapokula mama. Gramu 180 kwa wiki, maikrogramu 108, kwa mwezi 463. Gawa kwa 15: karibu 31. Mtoto amevuka, kwa sufuria ileile, kwa chaza walioruhusiwa sokoni. Na bado hujahesabu kadimiamu ya wali na mboga.

Kuvuka kwa mwezi mmoja si ugonjwa. Kadimiamu hukaa kwenye figo kwa miaka 10 hadi 30, hivyo kinachohesabika ni mazoea ya muda mrefu. Bonde la mto Jinzu, mkoa wa Toyama huko Japani, lilionyesha mwisho wa njia hiyo: figo kuharibika na mifupa kuvunjika, ugonjwa ulioitwa itai-itai, "inauma, inauma".

Kwa zebaki ya methili, kamati hiyohiyo inatumia maikrogramu 1.6 kwa kilo ya mwili kwa wiki, na wa kuangaliwa kwanza ni mjamzito, kwa ajili ya ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kwa risasi hakuna kikomo salama. Kile cha zamani kilifutwa mwaka 2010. Mamlaka ya chakula ya Ulaya hutumia maikrogramu 0.5 kwa kilo kwa siku kama alama ya athari kwenye akili za watoto. Mtoto yule wa kilo 15 akimeza miligramu 100 za tope letu kwa mikono michafu, amemeza maikrogramu 6 za risasi, yaani 0.4 kwa kilo. Kwa siku moja ya kucheza, bila chakula, amekaribia alama hiyo. Akicheza topeni siku 100 kwa mwaka, wastani wake ni 0.11. Andika namba zote mbili.

Mitego miwili. Aseniki ya samaki na chaza kwa sehemu kubwa ni ya aina isiyo na madhara makubwa, hivyo usiingize aseniki yote kwenye hesabu ya sumu; omba maabara ipime isiyo ya kikaboni. Kromiamu nayo ina sura mbili, ya tatu na ya sita, na kwenye tope jeusi mara nyingi ni ya tatu, iliyo nafuu.

Hatua ya 9: Tafuta risasi iliyo nje ya tope

Kabla ya kulaumu hori, ingia nyumbani. Wavuvi wengine huyeyusha betri kuukuu za magari kwenye sufuria ili kumimina chubwi za mishipi na nyavu. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, jiko la mkaa linatosha. Mtoto akiwa jikoni, moshi na vumbi la kazi hiyo vinaweza kumpa risasi nyingi kuliko chaza wa mwaka mzima. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, uliathirika kwa betri, si kwa bahari: kiwanda cha kuyeyusha kilifanya kazi katikati ya makazi hadi 2014, na kesi iliyopiganiwa na mwanaharakati Phyllis Omido na wenzake iliishia mwaka 2020 na amri ya fidia ya shilingi bilioni 1.3, iliyofuatiwa na rufaa za miaka.

Ukishuku risasi, kipimo cha kweli ni damu. WHO inashauri chanzo kitafutwe na kuondolewa damu ikifika maikrogramu 5 kwa desilita.

Hatua ya 10: Kurudisha majibu

Warudishie kwanza waliokupa chakula chao, kabla ya gazeti na kabla ya wasimamizi wa mazingira, NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya. Ongea kwa vipimo vya jikoni: vikombe na siku, si miligramu. "Watoto wa chini ya miaka sita, chaza wa karibu na mtaro mara moja kwa wiki badala ya tatu, wa upande wa bahari hawana shida" ni sentensi ambayo mama anaweza kuitumia kesho. "Msile chaza" ni sentensi itakayokufukuzisha, na kwa haki, kwa sababu chaza ndio kitoweo na ada ya shule.

Utaulizwa kama kuchemsha kunasaidia. Hapana. Wala ndimu, wala chumvi. Metali haziuawi kwa moto kama vijidudu. Kinachosaidia ni kubadilisha mahali pa kuokota, kutupa utumbo wa kaa ulio ndani ya gamba, maana ndiko kadimiamu inakojaa, na kunawa mikono kabla ya kula. Mjamzito apunguze papa na sulisuli, ale dagaa na vibua kwa raha zake.

Nusu ya kila tope lililokauka ifunge kwenye chupa, iandike kituo, tarehe na siku ya ngapi ya mwezi mwandamo, uiweke mahali pakavu. Kuna mtu atabisha majibu yako, na utataka kulipima tena mbele yake.